Eliana na Mashine ya Antipasi

Siku ya mnada pale Ihanja, mwaka 2005, Eliana alikuwa akipenya katikati ya watu na antena ndefu begani, gauni lake la kitenge cha njano limejaa vumbi, aliposikia antena ikichana nguo ya mtu nyuma yake.

"Dada, hili ndilo shati zuri nililobakiwa nalo," alisema kijana mrefu, mikono inang'aa mafuta.

"Pole jamani! Nitalishona."

"Ulishone leo. Kesho utanitoroka."

Hakumtoroka. Kijana huyo, Antipasi, alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na chumba ambacho mradi wa maji ulimpangia Eliana kilipakana nayo ukuta kwa ukuta. Kazi ya Eliana ilikuwa kuunda programu ya kuifanya kompyuta iwe redio: inase vifurushi vya taarifa vilivyorushwa kutoka visimani, kila kimoja kikipita upesi kuliko kufumba jicho, na kuvigeuza kuwa tarakimu za kina cha maji.

Alizeti zilipoanza kuvunwa walikuwa tayari wachumba wa simu, wakipigiana kila usiku.

"Umekula, mama?"

"Nimeshiba sauti yako, muongo wewe."

Lakini vifurushi vilipotea. Eliana aliviona vikiruka kwenye kioo cha kompyuta, kisha tarakimu zikatoka ovyo. Akabadilisha hiki, akarekebisha kile, kichwa kikamzunguka. Mradi ukampa wiki moja airekebishe. Mashine ikanguruma nyuma ya ukuta, naye akapata wa kumlaumu.

"Ni mota yako, Antipasi. Inachafua mawimbi."

"Huu ndio msimu, Eliana. Nikizima, wateja wanahama."

"Kwa hiyo kazi yangu ni mchezo?"

Antipasi akazima. Siku tatu wakulima walipita na magunia yao kuelekea Ikungi, na vifurushi vikazidi kupotea vilevile. Eliana hakuelewa chochote. Alimpigia Antipasi, simu haikupokelewa. Akapiga tena, imezimwa.

Siku ya nne aliyarekodi mawimbi, akayatazama polepole, ndipo akaona. Programu yake ilichelewa kujiweka sawa na mawimbi. Ilipoanza kusoma, mwanzo wa kifurushi ulikuwa umeshapita. Akaipanga upya: itunze mawimbi ya muda mfupi uliotangulia, na ikihisi kifurushi irudi nyuma, isome tangu mwanzo. Kisima cha kwanza kikasomeka. Cha pili. Cha tano. Badala ya kushangilia, akalia.

Alimkuta Antipasi amekalia gunia la mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa.

"Kosa lilikuwa langu. Mashine yako haina hatia."

"Siku tatu, Eliana."

"Najua."

"Baba mdogo alikuwa aende kwenu Mandewa Jumapili, kuniposea. Nimemzuia."

Eliana hakujua acheke au aombe radhi tena. "Mwambie aende."

"Bado nina hasira."

"Basi njoo nayo. Nitaipokea mwenyewe."

Antipasi alimtazama, akainamisha kichwa, akamtazama tena. Kisha akatoa simu mfukoni.

"Shikamoo, baba mdogo. Ile safari ya Jumapili... ndiyo, ipo. Hapana, hata mimi sijui nimepatwa na nini. Lakini ipo."