Chipu Mfukoni mwa Makokha

Jumamosi moja ya mwaka 2004, soko la Kitengela likiwa limefurika, Mwalimu Makokha aliinamia rundo la redio mbovu akitafuta rimoti ya televisheni yake. Mkono wake ukashika redio ambayo mkono mwingine ulikuwa umeishika tayari, mkono wenye shanga nyekundu na buluu kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko.

"Hiyo ni yangu," msichana akasema. Alivaa sketi ndefu ya jinzi na blauzi nyeupe, bisibisi ameichomeka kwenye nywele kama kalamu.

"Si imekufa, dada? Unaenda kuizika?"

"Naenda kuipasua tumbo. Wewe ni mwalimu, eh?"

"Umejuaje?"

"Chaki kwa suruali."

Aliitwa Soipan, fundi wa elektroniki, mzaliwa wa Bisil. Walikunywa chai pamoja siku hiyo hiyo, na miezi mitatu haijaisha Makokha alikuwa haambiliki kwa mapenzi.

Soipan alikuwa akiunda mtambo wa kulinda kisima cha kina mama wa kwao Bisil. Pampu yao ilikuwa imeungua mara mbili kwa kuvuta hewa maji yalipoisha, na kila ilipoungua walirudia kuteka mbali kwa punda. Mezani kwake kulikuwa na kibao kilichojaa nyaya, na katikati chipu moja nyeusi, fupi kuliko kidole.

"Hii ndio akili," alimweleza Makokha. "Naiandikia: kisima kikikauka, zima pampu. Tangi likijaa, zima. Nikikosea nafuta, naandika tena."

Shida ilikuwa moja. Mashine ya kuandikia chipu ilikuwa Kajiado, kwenye maabara ya chuo, na msimamizi wake alikuwa Ezra: mrefu, koti jeupe lililopigwa pasi, sauti kama ya mtangazaji. Kila Alhamisi Soipan alikwenda huko.

Jioni moja, nyumbani kwa Soipan, Makokha akamsikia akicheka kwenye simu. "Ezra, ya wiki jana yote tumefuta. Kesho tuanze upya, mimi na wewe."

"Mnaanza upya nini?" akauliza simu ilipowekwa chini.

"Kazi, Makokha."

"Kazi inachekesha hivyo?"

"Wewe nawe! Kuja ukule, ugali inapoa."

Makokha akamega ugali, macho kwenye simu.

Kesho yake, Alhamisi, akaomba ruhusa shuleni, akamfuata Kajiado. Dirishani akawaona wameinamia kibao, vichwa nusura viguse. Taa ndogo ikawaka, Soipan akapiga makofi. Ezra akampangusa vumbi begani, polepole, kama mtu aliyezoea. Makokha akarudi Kitengela kama aliyemeza kaa la moto.

Asubuhi ya kujaribu mtambo kule Bisil alikwenda kumsaidia Soipan kufunga mizigo.

"Ezra atakuja?"

"Atakuja kuona baadaye, akitoka kazini. Hata yeye ameumia na hii kazi."

Soipan alipoingia chumbani kuvaa, Makokha akachomoa chipu, akaitia mfukoni, akafunga katoni. Alitaka tu wasipate siku ya kufurahia pamoja.

Saa sita, Soipan akiwa ameshafika Bisil, simu ya Makokha ikalia.

"Makokha, chipu haiko, na bila hiyo pampu haiwaki! Umeiona? Kina mama wamejaa hapa, wamemwita hadi chifu." Nyuma ya sauti yake ng'ombe walikuwa wakilia kiu. "Mpenzi, unanisikia?"

"Niko nayo. Niliichomoa."

Simu ikakatika.

Aliomba lifti kwenye pikapu ya nyasi. Alipofika Bisil saa tisa, maji yalikuwa yakimiminika. Ezra, aliyekuwa bado maabara Soipan alipompigia, alikuwa ameandika chipu nyingine kwa nakala iliyokuwa kwenye kompyuta yake, akaileta mbio.

Soipan alimtazama Makokha kwa macho makavu. "Ezra aliniposa mwaka jana, nikamkataa. Leo ameacha kazi yake akakuja. Wewe nilikukubali, na ndio umenyima mama zangu maji."

Kumbe wivu wa Makokha ulikuwa na msingi! Lakini hilo halikumpunguzia aibu hata chembe.

"Naomba msamaha, Soipan."

"Anza na wao."

Makokha akasimama mbele ya kina mama. "Mimi ndiye niliyeichomoa chipu. Kwa wivu."

Mwenyekiti, Mama Priscilla, akamwonyesha Ezra kwa kidevu. "Wivu wa huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa ng'ombe wetu walikukosea nini?"

Kicheko kikalipuka. Makokha alitamani ardhi immeze.

Ezra akaja kuaga, akampa mkono. "Mchunge, mwalimu. Mimi sijaoa bado."

Makokha akamshukuru, meno yameumana.

"Alhamisi naenda tena maabara," Soipan akasema walipobaki wawili. "Vijiji viwili vimeitisha mtambo."

"Kwa Ezra?"

"Kwa Ezra."

Makokha akatoa chipu mfukoni, akamrudishia. "Nitaumia. Sitakudanganya. Lakini sitagusa kazi yako tena."

Soipan akazungusha shanga zake mkononi.

"Beba hiyo katoni," akasema mwishowe. "Twende umsalimie baba. Habari zako amezisikia tayari, na si zile nzuri."

Makokha akajitwisha katoni, akamfuata.