Injini Iliyoanikwa Juani

Ndugu zangu wa Kisangani, na ninyi wa ng'ambo ya Lubunga mnaovuka kila siku kuja sokoni, kuna nyumba moja jirani na kwetu ambayo nataka mjue yaliyoipata. Siandiki ili kumwaibisha mtu. Waliofanya haya ni watu wanaosali na kusalimia, na mmoja wao alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo.

Asubuhi za ufuko wetu zilianza kwa sauti ya motere ya Papa Rolly. Ilikuwa injini kuukuu ya mtumbwi, ya rangi ya kijani, iliyomzidi umri mwenyewe. Aliikuta Basoko, imetupwa nyuma ya ghala, kuku wakiitagia. Kwa miaka miwili yeye na fundi wake, Papa Sefu aliyetoka Maniema, waliitengeneza kipande kwa kipande. Kila ilipowashwa ilikohoa mara tatu, kisha ikatulia na kuvuma. Mkewe, Mama Marceline, akisikia kile kikohozi ndipo alipoteleka maji ya chai, kwa maana alijua mumewe atavusha abiria wa kwanza na kurudi maji yakichemka. Binti yao Daniella alikaa mlangoni akimalizia kazi za shule. Ilikuwa nyumba tulivu.

Mwezi wa tatu Papa Rolly alishikwa na homa. Siku ya tano hakuwepo tena.

Siku ya pili ya matanga, mchana, ilishuka mvua ya upepo. Sote tulikuwa chini ya hema, tumeshikilia nguzo zisiruke, na hakuna aliyekumbuka mtumbwi uliofungwa ufukoni. Gogo lililoletwa na mto liliupiga kwa nyuma, mbao zikapasuka, na motere ikazama.

Benoît, mvuvi, alipiga mbizi akaipata kwenye kina cha watu wawili. Alitaka kuitoa papo hapo, lakini Papa Sefu akamzuia.

"Acha. Funga kamba, weka kidumu juu tujue iko wapi. Usiitoe."

"Papa Sefu, motere iko inakunywa maji na weye unasema tuiache?"

"Imeisha kunywa. Kule chini hakuna hewa, itatungoja hata wiki mbili. Lakini siku itaona jua, kutu inaanza saa ileile. Siku tunaitoa ndiyo siku tunaifungua. Tunatoa buji, tunamwaga maji, tunaosha ndani, tunatia mafuta, na mbele ya jioni lazima iwake. Donc tutayarishe kila kitu kwanza."

Maneno hayo nawaomba myashike. Nilikuwa nimesimama hapo na sufuria ya pondu, kisamvu cha wafiwa, mikononi, nikayasikia yote.

Basi Mama Marceline, akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, alianza kutafuta vitu. Mafuta aliyapata kwa jirani. Buji mbili, yaani plagi za kutoa cheche, alizileta Papa Sefu mwenyewe. Kila asubuhi mama huyo alishuka ufukoni kukiangalia kidumu cha njano kikichezacheza juu ya maji. Akirudi alimwambia Daniella, "Iko." Kwa neno hilo moja aliweza kula.

Kaka mkubwa wa marehemu anaitwa Tonton Ruffin. Alimpenda mdogo wake, na kaburini alilia hadi akashikwa mikono. Lakini katika matanga kuna watu wanaokuja kulia na kuna wanaokuja kunong'ona. Mmoja alimnong'oneza kwamba mjane na yule fundi wa Maniema wameificha motere mtoni makusudi, wageni wakiondoka waitoe na kuiuza. Naye akaamini. Hakwenda kumuuliza mke wa mdogo wake, ingawa nyumba zao zimeachana hatua mia tu.

Asubuhi waliyopanga na fundi, Mama Marceline alishuka na chupa ya mafuta mkononi. Kidumu hakikuwepo.

Tuliikuta motere uani kwa Tonton Ruffin. Alikuwa ameitoa tangu jana yake, ameiosha kwa sabuni, ameipangusa kwa shati lake mwenyewe, na kuisimamisha juu ya kiti katikati ya jua, kama mtu anavyoanika godoro la mgonjwa. Rangi ya kijani iling'aa. Kusema kweli, ilipendeza kuitazama.

Mama Marceline alipiga goti mbele ya shemeji yake. "Semeki, ninakuomba. Papa Sefu aifungue leo. Ibaki hapa hapa kwako, lakini aifungue."

"Familia haijakaa," alijibu Tonton Ruffin. "Mali ya marehemu haiguswi mbele ya familia kukaa."

"Mukubwa," alisema Papa Sefu, "mimi sitaki kuitwaa. Niache nitie mafuta tu kwenye matundu ya buji. Nusu saa. Leo bado inapona. Kesho mimi sijui."

"Iko kavu kuliko sisi wote hapa, na weye unataka kuimwagia mafuta kama makayabu?"

Watu waliokuwa uani wakacheka. Hata mimi karibu nicheke, maana nilimwona akilini samaki yule wa chumvi akikaangwa.

"Nje imekauka," alisema Papa Sefu. "Ndani nani ameingia?"

"Weye ulitaka kuingia, nimekuzuia. Bon. Imekwisha."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kwamba nilikuwepo ufukoni, kwamba fundi alisema hivyo hivyo kabla ya mtu yeyote kuigombania. Tonton Ruffin akaniangalia. Nikamwuliza kama wana maji ya kunywa. Waliniletea kikombe, nikanywa, na motere ikaingizwa sebuleni, mlango ukafungwa kwa kufuli.

Familia haikuweza kukaa bila Tante Julie, dada yao mkubwa anayeishi Banalia. Lori alilopanda lilikwama kwenye matope njiani. Siku moja ikawa tatu, tatu zikawa tisa. Mama Marceline alikwenda kila siku kwenye ule mlango. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi na chupa yake ya mafuta mapajani, akiomba kila atokaye. Mke wa Tonton Ruffin alimwonea huruma, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mumewe. Nilimwandikia barua kwa mkuu wa mtaa, kwa Kifaransa kizuri kadiri nilivyoweza. Tukaambiwa mkuu amesafiri.

Tante Julie alifika siku ya kumi, matope hadi magotini. Alikunywa maji, akasikiliza pande zote mbili, akauliza swali moja tu.

"Rolly aliacha watoto?"

"Aliacha Daniella."

"Alors munagawana nini? Motere ni ya mutoto na mama yake. Ruffin, leta ufunguo."

Mnaona? Haki ilipatikana, tena bila ugomvi. Tonton Ruffin alitoa ufunguo kwa kichwa kilichoinama, na yeye mwenyewe akaisukuma motere, pamoja na kile kiti, juu ya pousse-pousse, mkokoteni wa mkono, hadi uani kwa mjane. Daniella alitembea pembeni, mkono mmoja juu ya chuma, isije ikaanguka.

Papa Sefu alishika kamba ya kuwashia, akavuta. Haikusogea. Akavuta tena kwa mikono miwili, mguu ukiwa umekanyaga kiti. Alipotoa buji, lilitoka vumbi jekundu. Tope lililobaki ndani lilikuwa limekauka likawa kama tofali, na kutu ilikuwa imeshikamanisha pistoni na kuta zake.

Alitia mafuta na petroli, akangoja siku mbili. Aligonga kwa kipande cha mti, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Siku ya tatu pistoni ilipasuka. Pistoni ya injini ya umri ule haipatikani tena, si Kisangani wala kwingineko alikowahi kuuliza.

"Maji yalitutunzia ikiwa nzima," alisema, akifuta mikono.

Tonton Ruffin alivuta kamba kwa zamu yake, mara nyingi, mpaka kiganja kikachubuka.

"Lakini ilikuwa inang'aa," alisema. "Mama Marceline, uliiona. Ilikuwa inang'aa."

"Niliiona, semeki."

Siku hizi Mama Marceline huvuka kwenda Lubunga katika mtumbwi wa watu wengine, beseni la pondu kichwani, naye hulipa nauli kama abiria yeyote kwenye maji ambayo mumewe alivushia watu. Daniella hakurudi shuleni mwezi wa tisa, kwa kuwa ada haikupatikana. Tonton Ruffin huwaletea mkungu wa ndizi kila Jumamosi, hukaa kidogo, kisha huondoka. Motere bado iko uani, juu ya kile kiti. Kuku wamerudi kuitagia.

FUNDISHO

Ndugu zangu, ndugu yako akifa, hesabu kwanza watoto aliowaacha. Hata sheria ya nchi yetu huwataja wao mbele. Mjane si mgeni anayengojewa aondoke. Mkimshuku, nendeni mkamuulize, maana hatua mia si safari.

Fundi akisema kitu kina saa yake, msimwambie angoje kikao. Tonton Ruffin hakuiba. Alishika tu kitu asichokijua, akakilinda dhidi ya watu pekee waliokijua, na kuchelewa kukaharibu kile ambacho mto haukukiharibu.

Nasi majirani, tuliosikia maneno ya fundi na kucheka, au kuomba maji ya kunywa, tumo katika hadithi hii. Siku nyingine ukimwona mama amekaa kwenye ngazi ya mlango uliofungwa, usingoje mtu wa Banalia. Sema unalolijua siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka.