Kamera Mbili za Marehemu Adamu

Kamera yangu ilifia kanisani, katikati ya harusi ya watu. Nilibonyeza, shata ikagoma. Nikabonyeza tena, ikatoa sauti kama mtu anayemeza mate, kisha kimya. Bwana harusi alikuwa anavisha pete. Nilimalizia kazi kwa simu huku wazazi wakinikodolea macho, wala sikuona aibu.

Siku hizo sikuwa naona chochote. Mume wangu Obeid tulikuwa tumemzika mwanzoni mwa masika. Tulifanya kazi pamoja pale Soweto, Mbeya, mimi picha, yeye video. Watu waliniambia nitalia tu, machozi yana siku yake. Siku hiyo haikuja. Nikiambiwa kula, nakula. Nikitengewa maji, naoga. Basi.

Fundi aliifungua kamera, akachungulia ndani, akaifunga.

"Hii imeshakufa, dada Ikupa. Tafuta nyingine."

Yeye ndiye aliyenielekeza kwa Shufaa, mjane wa mpiga picha mmoja wa Ipogolo, Iringa, aliyekuwa anauza vifaa vya marehemu mumewe. Nilipompigia, aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyelaza mtoto.

"Ziko mbili. Njoo jioni, uzijaribu kwenye mwanga mdogo."

Nikajua ameishi na mtu wa kazi hii. Mchana kila kamera ni nzuri. Harusi zetu huishia kwenye kumbi zenye taa hafifu, na huko ndiko kamera hujulikana.

Nilishuka Ipogolo jua likizama. Juu mlimani taa za mjini zilikuwa zimeanza kuwaka. Huku chini malori yaliyotoka Tunduma yalikuwa yanapunguza mwendo, breki zikitoa kwikwi. Nyumba ya Shufaa ilikuwa nyuma ya gereji, na nilimkuta amesimama mlangoni. Mwanamke mrefu, amenizidi umri kidogo, amejitanda mtandio mweusi. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka.

"Pole na msiba, dada," nilimwambia.

"Tumeshapoa. Nasikia na wewe yamekukuta. Pole, mdogo wangu."

"Asante."

Tulisema kama watu wanaopeana chumvi.

Kamera zilikuwa mezani, sebuleni, juu ya kitambaa cheupe. Karibu na mlango palikuwa na kiti kimoja cha mbao. Kamera ya kwanza ilikuwa nzito, ya zamani kidogo, bodi imechubuka kwenye kona. Ya pili ilikuwa nyepesi, ndogo, bado inang'aa. Nilipoinyanyua nilisikia harufu ya kafuri.

"Marehemu aliipenda hiyo," Shufaa alisema. "Inaona sana gizani."

Nilianza na ile nzito. Nikampiga picha Shufaa akiwa mlangoni, nyuma yake giza la korido. Picha ilitoka na chengachenga, lakini uso wake ulionekana. Ingenifaa, ila si sana.

Nikachukua ile nyepesi. Sikuwasha taa. Nikambonyezea.

Picha ilitoka safi. Nyuzi za mtandio zilihesabika. Mikunjo ya macho. Na juu ya bega lake la kushoto... vidole.

Niliikuza. Vidole vinne, vya mwanamume, kucha zimekatwa vizuri. Nyuma ya vidole, mkono. Nyuma ya mkono, kitambaa cheupe.

Nikainua macho. Shufaa alikuwa peke yake mlangoni.

"Umemwona," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimemwona."

"Amesimama au amekaa?"

"Amesimama. Ameweka mkono begani kwako."

Akafumba macho. "Bega hili silihisi tangu tulipotoka kwenye arobaini yake. Ukinichoma sindano hapa, sijui."

Ningepaswa kukimbia. Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilivuta kigoda kilichokuwa ukutani, nikakaa, nikamuuliza ilikuwaje.

Alinisimulia kwa kunong'ona, akitazama chini. Simu zenye kamera nzuri zilipoingia, kazi ya mumewe Adamu ilikauka. Akanunua ile kamera mpya kusudi awapite wenzake, na bado wateja hawakuja. Mtu akampeleka kwa mganga mmoja huko mbali, akarudi nayo imefungwa kwenye kaniki. Hakusema kilichofanyika.

"Wateja wakaanza kuja," alisema Shufaa. "Walikuja wengi. Ila si wote walikuwa hai. Alikuwa anafuta watu kwenye picha usiku kucha, kabla hajawapa wenyewe. Mwisho akaugua homa, akafa. Sasa na yeye yumo."

"Yumo kwenye kamera?"

"Sijui kama ni kwenye kamera. Nadhani wapo tu. Kamera ndiyo inayowaona."

Lori likapita barabarani, vioo vya dirisha vikatetemeka. Nikajikuta nikisema neno ambalo sikulipanga.

"Nipige na mimi."

Hakuniuliza kwa nini. Aliichukua ile kamera nyepesi kwa mkono wa kulia, akarudi nyuma hadi mezani.

Tka.

Harufu ya kafuri ikakatika ghafla, ikaja nyingine. Vanishi. Vanishi mbichi ya jeneza.

Shufaa alikitazama kioo cha kamera, kisha akanigeuzia.

Obeid alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha mlangoni. Suti ya kijivu. Tai niliyomfunga mimi mwenyewe siku ya mazishi, vibaya. Macho yamefumbwa. Mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Niliitazama picha ile kama ninavyotazama ya mteja. Nikaona mwanga umekaa vizuri usoni. Hayo ndiyo niliyoyaona. Mume wangu, na mwanga mzuri.

"Nachukua hii nzito," nilisema.

"Hii nyingine hutaki?"

"Nikiwa nayo, sitapiga picha nyingine. Nitakuwa namtafuta yeye tu."

Akaifunga ile nzito kwenye begi lake, akanisindikiza hadi barabarani. Nililala nyumba ya wageni, asubuhi nikarudi Mbeya. Nilipotoka pale sebuleni sikugeuka kutazama kile kiti. Ningemtazama kwa macho gani?

Kamera ilifanya kazi vizuri. Nilipiga kipaimara, nikapiga harusi ya binti wa jirani. Picha zikatoka na watu walewale waliokuwepo, nilikagua moja moja. Kitu kimoja tu. Nilianza kuamka bega la kushoto likiwa limekufa ganzi. Nikasema ni uzito wa kamera.

Jumapili moja baada ya ibada, naosha vyombo, Shufaa akapiga simu.

"Mdogo wangu, umemwacha mtu wako huku."

Nilifunga bomba.

"Nilidhani ataondoka na wewe," aliendelea. "Bado yuko kwenye kiti. Nikichungulia kwenye kamera, yupo. Amekaa vilevile. Nimemswalia, hajaondoka. Labda hizo si sala anazozijua."

"Na mumeo?"

"Adamu simwoni. Bega langu limepona tangu siku ile ulipoondoka." Sauti yake ikashuka zaidi. "Kwako hayupo?"

Nilitazama sebule yangu. Kochi, meza, begi la kamera. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unaning'inia, nao ulikuwa umeshika sahani ambayo sikuihisi.

"Sijui," nilimjibu. "Kamera yangu haioni."

"Niwekee spika. Naomba."

Nikaweka simu juu ya kochi. Shufaa akaongea na chumba changu. Alimwambia Adamu kwamba watoto hawajambo, kwamba hajamkasirikia, kwamba asimsumbue mwenye nyumba. Aliongea taratibu, kama mke anayemuaga mume anayesafiri. Kisha akasema, "Haya. Na wewe. Nimekuwekea spika karibu na kiti."

Sikuwa nimesema na Obeid tangu tulipomfukia. Kaburini wengine walisema, mimi nilisimama tu. Nikainama karibu na simu.

"Obeid," nilisema. "Umekula?"

Ndilo lililotoka. Kila jioni kwa miaka ya ndoa yetu ndilo nililomuuliza.

Upande wa pili nikasikia... mbao zikikwaruza sakafu. Taratibu. Kama kiti kinachosukumwa nyuma.

"Amesimama," Shufaa alinong'ona.

Nilikamata simu kwa mkono wa kulia.

"Amefumbua macho. Ikupa, anaelekea mlangoni."

"Mzuie," nilisema. Halafu nikasema, "Hapana. Mwache."

Simu ikakatika. Nikipiga, haipatikani. Tangu siku hiyo haipatikani.

Kutoka Ipogolo hadi Soweto ni safari ndefu kwa mtu anayetembea kwa miguu, na sijui kama wao huchoka. Kila giza likiingia nasimama mlangoni kwangu, mkono kwenye komeo, na mkono mwingine siuhisi. Sijaamua bado kama ninafunga au ninafungua.