Rimoti ya Mita Tano

Mwisho wa mwezi duka la kamera lilifurika hadi mlangoni. Mwanadada muuzaji, gauni la kijani limemkaa sawasawa, alikuwa akihangaika na wateja watatu kwa mpigo sauti nzito ilipopenya.

"Dada, naomba rimoti ya waya. Nikibonyeza kamera kwa kidole, picha inatikisika."

Alikuwa mpiga picha wa harusi, shati jeupe, viatu vinang'aa. Mjini walimwita Tabasamu.

"Zipo zisizo na waya."

"Hizo betri hukata roho bwana harusi anapovisha pete. Nipe ya waya."

"Basi nionyeshe kamera yako. Matundu ya kuchomekea waya hayafanani, utarudi kunigombeza."

"Kurudi nitarudi tu."

Mwanadada alicheka, akaweka rimoti mbili juu ya kaunta. "Hii ya mita moja, unabaki nyuma ya kamera. Ya mita tano unaingia mwenyewe kwenye picha, unaificha kiganjani, unabonyeza."

"Nichagulie."

Akamchagulia ndefu. Maskini, alishajiona amesimama naye kwenye picha hiyo.

Tabasamu alirudi kweli. Zikaanza simu za asubuhi, za mchana.

"Umekula, laazizi?"

"Nimeshiba sauti yako."

Alimpiga picha dirishani, akichana nywele, akicheka. Kila mara peke yake.

"Na sisi wawili lini?"

"Nikipata mwanga mzuri, kipenzi."

Mama mtu naye akachoka kungoja. "Huyo mkwe hana sura?"

Siku moja binti alimpelekea Tabasamu chakula studio bila kumwambia. Mezani palikuwa na picha mpya: Tabasamu, na begani pake amelala mwanamke wa gauni la njano.

"Nani huyu?"

"Mteja tu, mpenzi. Tulikuwa tunajaribu taa."

"Nani aliyebonyeza?"

"Msaidizi wangu."

Binti aliisogeza picha karibu. Mkono wa Tabasamu ulizunguka kiuno cha mwanamke, na chini ya vidole ulitokeza waya mweusi, ukateremka juu ya gauni la njano hadi ukingoni mwa picha. Fundi mzima wa kuficha waya, siku hiyo alisahau.

"Msaidizi anayekaa kiganjani mwako? Huu waya nimeuchagua mimi!"

Tabasamu akainamisha kichwa. "Ni mchumba wangu. Nilitaka kukuambia."

Binti aliliacha bakuli la chakula palepale. Ngazini alilia kwa sauti, hakujali nani anapita.

Baada ya wiki kadhaa, Tabasamu akasimama tena mbele ya kaunta, shati halijapigwa pasi.

"Nisamehe. Njoo leo tupige picha, sote wawili."

"Na yeye?"

"Harusi ni Jumamosi. Lakini moyo wangu uko kwako."

Bado binti alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma. Akafungua droo, akamwekea mbele rimoti ya mita moja.

"Chukua hii. Hutaingia tena kwenye picha ya mtu. Anayefuata!"

Aliyefuata alitaka betri. Akampa chaja, akaomba radhi, kisha akageukia kabati na kukaa huko muda mrefu, kama vile betri zilikuwa zimepotea.