Ndama Walioitwa Mapema

Kaisho iliamka kama siku zote. Ukungu ulitanda kwenye migomba, redio ya jirani ilisoma matangazo ya vifo, na Joviana alikuwa akielekea bandani na mzigo wa majani ya Bihogo, ng'ombe wake wa pekee, mtamba. Wewe cheka tu, lakini hujakaa kwenye ndoa miaka yote hiyo bila mtoto kama yeye. Ndama wa Bihogo ndiye angekuwa wa kwanza kuzaliwa katika kaya ile.

Mara mbili Gaudiosus, mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, alikuwa amekuja na pikipiki yake. Mara mbili siku za joto, za kutaka dume, zikapita kimya, Joviana akashangilia, kisha Bihogo akarudi kwenye joto kana kwamba hakuna kilichotokea. Gaudiosus alimweleza kwa upole kwamba mimba changa huweza kufa ikayeyukia humo humo tumboni, usione damu wala kitu. Joviana alilia kama aliyefiwa, maana kila mara, hata kabla mimba haijapimwa, alikuwa ameshampa ndama jina. Wa kwanza Tumaini, wa pili Asante. Alikuwa akiinama ubavuni mwa Bihogo na kuwaita.

Asubuhi hiyo chuchu za Bihogo zilikuwa zimelowa. Akazigusa. Povu, kama la ndama aliyetoka kunyonya, tena la moto. Mtamba ambaye hajawahi kuzaa! Chini, kwenye matope, kulikuwa na alama za kwato ndogo za ndama wawili, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Mlango wa banda ulikuwa bado umefungwa kwa kamba.

Alimkimbilia jirani yake, bibi Nyiransabimana, aliyefuga tangu akiwa kwao Rwanda. Bila hata shikamoo, alimweleza alichokiona. Bibi alikuja, akaziinamia zile alama za kwato, kisha akauliza kwa kunong'ona kama aliwaita.

"Niliwaita, bibi."

"Mjukuu wangu, kisichozaliwa hakiitwi. Ukishakiita, kimesikia. Kitakuja kunyonya hata kama hakina mwili."

Joviana alijifunga kanga upya tumboni. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia bibi, wala mumewe Dastan. Siku zake mwenyewe zilikuwa zimepita. Kila alfajiri alitapika nyuma ya jiko, na kila jioni, akimenya ndizi, alijishika tumbo na kuita taratibu jina alilomchagulia mtoto: Ainebyona.

Siku ile alimenya ndizi kimya, midomo ameibana.

Kulipokucha aliamka mzima. Mzima kabisa. Moshi wa jikoni haukumchefua. Alikaa kitandani akikisubiri kichefuchefu, akikiomba kije. Hakikuja. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani.

Akatazama chini. Komeo la mlango lilikuwa mahali pake. Kutoka mlangoni hadi kando ya kitanda, sakafuni, kulikuwa na matope ya bandani. Nyayo za mtoto, na vidole vyake vyote.

Dastan alizipangusa kwa tambara. Hadi leo anazipangusa kila asubuhi, na zinazidi kukua.