Mshale Uliogoma Kupanda

Kila akitoka shule, Mdadisi hupitia zahanati kumsubiri baba yake, fundi seremala. Mama yake mdogo ni muuguzi pale. Wiki hiyo alikuwa akipima nguvu za misuli ya kupumulia ya watu wazima wenye afya, ili mgonjwa akija, madaktari wawe na cha kulinganisha.

Siku hiyo baba aliingia na wenzake wawili wa karakana ili wapimwe, wakitaniana nani ana kifua chenye nguvu zaidi.

"Shemeji, una kikohozi? Kifua hubana?" mama mdogo aliuliza.

"Mimi? Mzima kabisa!" baba akajibu, huku akimkazia macho binti yake Mdadisi.

Mdadisi alijua si kweli. Nyumbani baba alikuwa akilala ameegemea mito, kifua kikimlia filimbi, na alikuwa amemwonya asimwambie mtu.

Mama mdogo alimbana baba pua kwa kibanio, akampa mrija wa kipimo chenye mshale. "Toa pumzi yote, kisha vuta kwa nguvu zako zote."

Mshale ukaruka juu. Wenzake wakashangilia.

"Hiyo ni nguvu ya mashavu, shemeji, kama unanyonya soda. Mimi nataka ya kifua." Mama mdogo akamshika mashavu. "Haya, tena."

Safari hii mshale ulitikisika tu.

"Kifua kiko wapi, fundi?" mwenzake mmoja akacheka.

Baba akaona haya. Akavuta tena, na tena. Jasho likamtoka, midomo ikabadilika rangi. Mdadisi alijua akisema atamwaibisha baba mbele za watu, na akinyamaza huenda baba akaanguka palepale. Hofu ikamzidi.

"Mama mdogo, mwache! Baba anaumwa! Halali kwa kifua!"

Kicheko kikakatika. Mama mdogo akaondoa kibanio haraka, akamwita daktari. Daktari alimsikiliza baba kifua, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na pumzi ikarudi taratibu.

"Ni vumbi la mbao," akasema. "Utatibiwa. Ila kuanzia leo, hakuna kupiga randa bila barakoa."

Baba aliinamisha kichwa. "Nisamehe, shemeji. Niliogopa wenzangu wataniona nimekwisha."

"Ningekuandika miongoni mwa wazima," mama mdogo akasema. "Kesho angekuja mtu anayehema kama wewe, tungemlinganisha na wewe, tukamwambia arudi nyumbani, hana ugonjwa. Ndiyo maana tukiulizwa habari za afya zetu tunasema kweli, hata kama tunaona aibu. Mdadisi, leo umewasaidia watu usiowajua."

"Na mmoja anayemjua," baba akasema, akamshika binti yake mkono.