Mlango wa Choo

"Mama, usiinuke! Nakuja!"

Fundi cherehani akarudi kukaa. Tangu avunjike pingili ya mgongo kwa kuinua ndoo tu, binti yake alimlea kama yai. Alimvalisha. Alimlisha. Cherehani aliifunika shuka, akaisukuma ukutani.

"Daktari kasema mifupa yako imedhoofika, inavunjika upesi," binti alisema. "Wewe tulia."

Mama akatulia. Pingili ikapona, lakini mgongo ukabaki umepinda na miguu ikaisha nguvu. Sasa hata chooni alipelekwa. Jamani, mtu mzima, kashikwa kwapani na mwanawe hadi ndani ya choo! Hilo lilimuuma kuliko mgongo. Alilia kimya kimya, uso kaugeuzia ukutani.

Siku ya kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia, "Mama, hebu simama."

Binti akaruka kumshika.

"Mwache kidogo, dada. Mimi nipo hapa."

Mama akajaribu. Akarudi kitini, puu! Akaona haya.

"Nani kamkataza kutembea?" mtaalamu akauliza.

"Mimi," binti akajibu. "Naogopa atavunjika tena."

"Pole. Wengi hufanya hivyo. Lakini mfupa usiofanya kazi huzidi kudhoofika, na misuli vilevile. Miguu ikilegea, mtu anaanguka."

Akawaonyesha. Kiti kigumu kiegemee ukuta, kisiteleze. Vuta miguu nyuma, inamia mbele kuanzia nyongani, mgongo usipinde. Simama. Kaa polepole. Kisha shika meza, inua visigino, shusha.

"Usipinde mgongo kuokota kitu. Maumivu makali yakija, acha, uje tukuone. Na dawa usiache."

"Mgongo utanyooka?" mama akauliza.

Mtaalamu akatikisa kichwa. "Pingili iliyovunjika ikabonyea hairudi ilivyokuwa, mama. Sikudanganyi. Miguu ndiyo tunayoweza kuirudisha."

Nyumbani walifanya kila asubuhi. Kuna asubuhi mama aligomba: "Niache! Mtoto gani wewe, huna huruma?" Kuna asubuhi alilia waziwazi. Binti alisimama karibu, mikono kaifumbata nyuma ili asimbebe. Naye alikuwa analia.

Siku moja binti aliingia chumbani akakuta kiti kitupu. Moyo ukampasuka.

"Mama! Mama, uko wapi?"

"Niko chooni," mama akajibu. Mgongo wake ulikuwa umepinda vilevile, na mkono umeshika ukuta. "Usiingie. Mlango nimeufunga mwenyewe."